Kumuandika nyanya aliyekuwa mwalimu: nilivyofanya hapa Amu, na nilipokosea

Watu watatu washaniuliza tangu ile hitima ya arubaini, kile kijitabu cha maisha ya nyanya yako ulikifanyaje, nami nataka kumfanyia wangu, na kila mmoja nimemjibu kwa vois ya dakika saba ambayo najua hakuisikiza mpaka mwisho. Basi naandika mara moja hapa, anayetaka asome, asiyetaka aniwie radhi kwa urefu.

Nyanya yangu alifundisha praimari miaka 37, kwanza kijiji kimoja kule kisiwa cha Pate kisha Amu (Lamu) mjini mpaka akastaafu mwisho wa 2003. Kwa hiyo haya nnayoandika yanamfaa zaidi mtu ambaye marehemu wake alikuwa mwalimu, manake mwalimu si kama nyanya wengine, na hilo mimi nilichelewa kulijua, ntalieleza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Matanga yamekwisha siku ya tatu, usiku wake mimi nimekaa na simu naandika: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaolewa, akazaa watoto sita, akastaafu, alikuwa mpole mcha Mungu mwenye kupenda watu wote. Asubuhi nikamsomea shangazi tukipekua mchele. Akasikiza yote, hakuinua kichwa, kisha akaniuliza, "Na huyu ni nani?" Nikamwambia ni nyanya, nani mwengine. Akasema, "Hii waweza kumbandika nyanya yoyote kuanzia Langoni mpaka Shela na ikamkaa." Niliudhika, sitadanganya, lakini alisema kweli. Kwa hiyo siku tatu zile usiandike chochote cha kusomwa. Kaa, pokea watu, sikiza. Kitu kimoja tu fanya: kuwa na kidaftari au notisi za simu, mtu akija kutoa mkono wa pole akasema "alinifundisha darasa la tatu", chukua jina na namba yake hapo hapo kabla hajavaa viatu akaondoka. Usimhoji, chukua namba tu. Mimi nilipata namba 19 hivo na ndizo zilizofanya kazi yote.

Sasa ile nliyosema nilichelewa kuijua. Sisi wa nyumbani tulidhani nyanya ni wetu, tunamjua, tulilala naye kitanda kimoja tukipigiwa paukwa pakawa. Lakini nyumbani alikuwa na sisi jioni na siku za Jumamosi. Maisha yake mengine yote yalikuwa mbele ya watoto wa watu, arobaini hamsini kwa mwaka, na kila mmoja ana kipande chake na kaondoka nacho, mwengine yuko Mombasa, mwengine Arabuni, mwengine yuko hapo bandarini anapakua boti na unampita kila siku. Hakuna aliye na nyanya mzima. Kwa hiyo ukitaka kumuandika mwalimu toka nje ya nyumba, nyumbani mtu atakupa mahamri na sifa, ya maana yako kwa wanafunzi.

Utaanza na nani? Anza na walio wazee na wagonjwa, hata kama wa mbali, hata kama nauli ya boti. Wenye nguvu watangoja. Mimi nilianza na walio karibu kwa uvivu, nikampoteza mmoja ambaye alikuwa darasa lake la kwanza kabisa la 1966, nilipofika kwao nikakuta watu wamekaa chini kwenye mikeka nikajua.

Swali lililonifungulia mlango kuliko yote ni hili: "Ulikaa dawati moja na nani?" Zamani walikaa watatu watatu, wengine wanne, kwa hiyo kila ukimuuliza mmoja anakupa wawili, na hao wawili wanakupa wengine, na mtu akishataja mwenzake wa dawati kumbukumbu zinafunguka zenyewe wala huhitaji kuuliza tena, yaani anaanza kucheka kabla hajasema. Swali baya kuliko yote ni "alikuwa mtu wa namna gani?" Hilo jibu lake ni "mzuri sana, Mungu amrehemu" na kikombe cha kahawa, umemaliza. Uliza vidogo. Kikapu chake kilikuwa na nini. Jina lako alilitamkaje akikasirika. Saba yake ya ubaoni aliiandikaje (ya nyanya ilikuwa na mstari katikati, nimeambiwa na watu watano, na mimi mwenyewe naandika hivo sijui nilikotoa). Mvua ikinyesha kwenye bati mlikuwa mnafanya nini. Nani alipiga kengele na kengele ilikuwa kitu gani, kule Pate ilikuwa rimu ya gari, kisiwa wakati ule gari ni la kutafuta lakini rimu ipo, usiniulize.

Ukichelewa ilikuwaje? Hilo la kuchelewa ndilo lililonipa kitu ambacho nyumbani hakuna aliyekijua. Ami mmoja mvuvi, sasa yuko miaka sitini na, aliniambia kule kijijini watoto wa kiume walikuwa wakitoweka darasani kila baada ya wiki mbili hivi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, manake ndio bamvua, maji yakipwa sana watu wote wanashuka kuokota na kuvua pwani na baba hawezi kukubali mikono miwili ikae shule. Walimu waliotoka bara walikuwa wakiwachapa. Nyanya hakuchapa kwa hilo, aliuliza wazee, akajifunza hesabu ya maji, na mitihani yake yote ya hesabu akaipanga siku za maji mafu, yale yasiyokupwa sana. Miaka yote. Inspekta alimuuliza mbona ratiba yako haifanani na ya wenzio, hatujui alimjibu nini. Mimi nimeishi na huyu mama miaka 29 na hakuwahi kunambia, pengine yeye aliona si kitu cha kusema.

Jinsi ya kukaa na watu. Mimi ni mwanamke, barazani kwa wanaume sikai, na mambo mengi ya wanafunzi wake wa kiume yako barazani baada ya alasiri. Nilimtuma kakangu na maswali kwenye karatasi, na nikamkataza kusoma karatasi mbele ya watu, ayahifadhi. Kama wewe ni mwanamume kinyume chake, tafuta dada au binamu wa kuingia ndani kwa kina mama, na usidhani utapata yale yale ukiwa umesimama dakani, pale kibarazani mlangoni, unauliza kupitia pazia. Enda na kitu mkononi, hata kaimati kidogo. Toa salamu yako yote, sabalkheri, uulize wa nyumbani mmoja mmoja, usikimbilie simu. Na simu usiifiche! Muombe ruhusa mtu, "naomba nirekodi nisije nkakosea maneno yako", akikataa andika kwa mkono, akikubali weka simu kati yenu juu ya kitambaa kilichokunjwa, si juu ya meza tupu manake kila kikombe kitakachowekwa kitasikika kama radi. Weka flaiti modi isije ikapigwa katikati. Angalia chaji na nafasi ya memori kabla hujatoka nyumbani. Jua pia saa za kwetu: kuna adhana, kuna punda, kuna jenereta la jirani. Punda hana ratiba lakini adhana unaijua, panga.

Kina mama wanasema zaidi mikono ikiwa na kazi. Wanasuka, wanakuna nazi, wanapepeta. Rekodi zangu tamu zote zina sauti ya ungo shaa shaa nyuma yake na kuna maneno sijayatambua mpaka leo, lakini nimeona afadhali hivo kuliko kumkalisha mtu kama yuko mahakamani.

Halafu usiku ule ule, nasema usiku ule ule, toa kopi. Mimi simu ilinitoka mkononi jeti ya Mokowe nikipanda boti, ikaenda chini na mahojiano mawili. Wa pili alinirudilia yote kwa roho safi. Wa kwanza alikuwa ameshafariki. Kwa hiyo kopi moja kwenye simu, moja kwenye flashi, moja mtandaoni kwenye barua pepe yako au jitumie mwenyewe WhatsApp ikishindikana kabisa, na faili ipe jina la mtu na tarehe, si "rekodi 14".

Miaka. Hapa ndipo watu wengi wanakwama na wanaandika uongo bila kukusudia. Wazee hawasemi 1974, wanasema "mwaka ule wa". Basi tengeneza orodha yako ya "mwaka ule wa" uwe nayo mfukoni. Ya kwangu ilikuwa hivi: mvua kubwa za 1961, Uhuru Disemba 1963, karo kuondolewa darasa la kwanza mpaka la nne, 1974, kufa kwa Mzee Kenyatta, Agosti 1978, alifia Mombasa na kila mtu wa pwani anakumbuka alikuwa wapi, maziwa ya Nyayo yalipoanza kugaiwa shuleni 1979, jaribio la mapinduzi Agosti 1982, mfumo wa elimu wa 8-4-4 na mtihani wa KCPE wa kumaliza praimari 1985, kabla yake ulikuwa CPE na praimari ilikuwa miaka saba, mgomo wa walimu 1997 na El Nino iliyofuata, mji wa kale wa Amu kuingizwa orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2001, elimu ya bure 2003. Mtu akisema "nilikuwa darasa lake mwaka wa kwanza wa maziwa" umeshapata 1979. Uliza pia ilikuwa kaskazi au kusi, na hapo unapata nusu ya mwaka, manake mtu anaweza kusahau mwezi lakini hasahau upepo kama aliletwa shule kwa mashua.

Na tarehe ya kuzaliwa msiigombanie na kipande, yaani kitambulisho. Kipande cha nyanya kilisema 1948. Lakini babake alikuwa ameandika kwa herufi za Kiarabu nyuma ya jalada la msahafu, Rajabu 1365, na ukiigeuza hiyo inaangukia Juni 1946. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo huwezi kutoa tu namba moja, tumia programu ya kugeuza tarehe ziko nyingi kwenye simu, na hata hivo acha siku moja au mbili za makosa kwa sababu ya kuandama kwa mwezi. Hii tofauti ya miaka miwili ilimfurahisha yeye mwenyewe sana alipokuwa hai, wakati ule walimu walistaafu 55, kwa hiyo serikali ilimuachilia mwisho wa 2003 badala ya 2001, alisema "wamenipa miaka miwili ya bure". Na miwili hiyo ndiyo aliyoiona elimu ya bure ikiingia, watoto wakijaa mpaka madirishani, mwanafunzi mmoja alikuwa na ndevu. Tuliandika tarehe zote mbili kwenye kijitabu, ya msahafu na ya kipande, na kisa chake.

Makaratasi sitakaa nayo sana. Tafuta barua ya kuajiriwa na TSC, tume ya kuajiri walimu, ilianza 1967 kwa hiyo kama marehemu alianza kabla yake barua ya kwanza itakuwa ya mahali pengine, usishangae. Tafuta cheti cha ualimu, alikuwa gredi ya P3 au P2 au P1, na kama alipanda kutoka gredi moja hadi nyingine uliza alipanda vipi, manake nyuma ya ile namba moja kuna likizo nyingi alizokwenda kozi akaacha watoto kwa mamake. Tafuta hati ya ndoa, barua za uhamisho. Shuleni kuna rejista za kuingia wanafunzi, muombe mwalimu mkuu kwa adabu, peleka barua, usiende mikono mitupu ukitegemea jina la nyanya yako. Unaruhusiwa kupiga picha ukiruhusiwa, si kuchukua kitabu. Na katika kijitabu usichapishe namba ya kipande, ya TSC wala ya akaunti, wezi wanasoma pia.

Picha. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, picha za zamani zinashikana na albamu zile za gundi, na ukivuta kwa nguvu uso wa mtu unabaki kwenye plastiki. Usivute. Ipige picha ikiwa ndani humo humo. Kaa dakani au karibu na dirisha saa tatu nne asubuhi, kivulini, si juani, zima flashi, simu iwe sambamba na picha, piga mbili mbili. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, si bairo, wino unapenya. Na tafadhali msipeleke picha za asili kulaminetiwa, moto ule na gundi ile haitoki tena maisha yako yote. Bahasha za karatasi, ndani ya mkebe wa chuma, na vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya boksi la viatu msivitupe, vitieni humo, vinanyonya unyevu. Mchwa wa kasha la zamani wala hawajali kwamba ni picha ya harusi.

Lakini kabla hujaieneza picha yoyote, uliza. Kuna picha ya nyanya akiwa msichana hajajifunika, nywele zake mpaka mgongoni, nzuri wallahi, na binamu mmoja akaitia kwenye grupu la familia. Shangazi alizima simu siku nzima. Kwetu ile picha hakuitoa kwa watu alipokuwa hai basi hatuitoi alipokufa, iko kwenye mkebe, mabinti na wajukuu wa kike wanaiona. Kwenu inaweza kuwa tofauti, familia nyingine hazitaki picha ya marehemu kabisa, usiamue peke yako.

Kama picha hakuna au ni chache, kuna vitu. Tulifungua kasha lake tukakuta leso 41, na karibu nusu hakuwahi kuzivaa, zilikuwa zawadi za wazazi mwisho wa mwaka. Kila leso ina jina lake, yale maneno yaliyochapwa juu yake, ukiyasoma yote mfululizo ni kama barua kutoka kwa mji mzima. Moja ilisema "Usisafirie nyota ya mwenzio" na mama mkubwa akacheka mpaka akakaa chini, akasema hiyo aliletewa na nani na kwa sababu gani, na hicho kisa hakimo kwenye kijitabu wala hapa! Tuliandika majina yote ya leso kwenye ukurasa mmoja basi, bila maelezo. Ndio ukurasa ambao kina mama wanaufungua kwanza. Kwa hiyo tandaza vitu, waite watu, uliza "hii ilikuwa ya nini" na washa simu.

Sasa ile ngumu. Utaambiwa mabaya. Mwalimu wa miaka ile alichapa, viboko vilikatazwa mashuleni 2001, kabla ya hapo fimbo ilikuwa kama chaki. Sisi nyumbani nyanya hakutupiga hata kofi, alikuwa akiniita mke mwenza na kunifichia ukoko wa wali. Basi mzee mmoja, nahodha, akamwambia kakangu barazani mbele ya watu: nyanya yenu alinipiga mwaka mzima kwa sababu sikuweza kusoma ubaoni, akidhani ni ubishi, na mimi nilikuwa sioni. Macho. Miwani ya kwanza alivaa ana miaka 30. Baraza zima likanyamaza.

Kakangu alirudi amenuna, akasema hii tunaifuta. Shangazi naye akasema tajeni mema ya maiti wenu, na ana haki, ndivyo tulivyofunzwa. Mimi nilikaa nayo wiki nzima. Nilichofanya, na ndicho ninachokushauri: rudi kwa mwenye kisa, yeye ndiye aulizwe, si familia kwanza. Muulize wataka kiandikwe? Kwa jina au bila jina? Yule nahodha alijibu, "Andika. Na andika kwamba jeneza nalibeba mimi pia." Basi nikarudi kwa shangazi na maneno hayo, na yeye ndiye aliyesema kiingie, bila jina, kama alivyokisema, bila sisi kuongeza sentensi ya kumtetea marehemu. Vingine viwili havikuingia, kimoja kwa sababu kilihusu mtu wa tatu aliye hai na kingine mwenyewe alighairi, na nimevifuta hata kwenye simu. Unapoambiwa futa, futa.

Na utaambiwa mazuri ambayo hukuyatarajia pia, usiyapambe. Mwanafunzi wake mmoja wa kike, sasa ni nyanya mwenyewe, babake alitaka kumtoa shule darasa la tano. Nyanya alikwenda kwao jioni, hakubishana, hakutoa hotuba ya elimu ya wasichana. Aliuliza tu kama ile barua ya ndugu yao aliyeko Arabuni imeshasomwa. Walikuwa wakingoja mtu wa kuwasomea, na kila wakisomewa mtaa mzima unajua ndugu katuma kiasi gani. Akasema mpeni mtoto. Mtoto akasoma mpaka mwisho, mlango umefungwa. Akabaki shule. Mimi nilivyosimuliwa nilitaka kuongeza "na hivyo akabadilisha maisha yake", nikajizuia, nikaandika alivyosema yeye: "Baba akawa hataki tena majirani wasome barua zetu."

Kuandika. Usianze na kuzaliwa. Weka kuzaliwa ukurasa wa tatu huko, anza na asubuhi moja ya shule kama watu walivyokusimulia, alitoka saa ngapi, alipita njia gani, nani alimbebea madaftari. Andika maneno ya watu kama walivyoyatamka. Hii ni muhimu kwetu hasa manake nyanya alikuwa na lugha mbili, sanifu na Kiamu, Kiswahili cha hapa kwetu. Darasani mtoto akiandika "mato" aliipiga mstari mwekundu akaandika juu yake "macho", "ndia" akaandika "njia", watu wa rika lake wote wana hadithi ya ile kalamu nyekundu. Nyumbani sasa: "Ndoo hapa, nangalia matoni" (njoo hapa, niangalie machoni). Sijapata kumsikia akisema machoni na sisi. Ukinyoosha kila kitu kiwe sanifu umemuua mara ya pili, na ukiandika yote kwa Kiamu umemtoa darasani. Kwenye kijitabu chetu akiwa shule anasema sanifu, akiwa jikoni anasema Kiamu, na hatukuweka maelezo yoyote, wasomaji wetu wanaelewa.

Ukikuta watu wawili wamesema tofauti, andika wote wawili. Kuna wanaosema alikuwa akija shule na mwavuli mweusi, kuna wanaoapa alikuwa akijifunika khanga tu mvua au jua. Miaka 37 ni mingi, pengine mwavuli ulivunjika.

Orodha ya watoto na wajukuu ndiyo itakayowagombanisha, si viboko. Nimejifunza kwa uchungu. Rasimu ya kwanza nilipanga kwa nilivyowakumbuka, nikamsahau mtoto mmoja wa mjomba wa Malindi, na mwengine nikamuandika jina la utani, simu zilipigwa. Panga kwa kuzaliwa, nyumba kwa nyumba, watie na waliofariki wadogo, wana majina na mama zao hawajasahau. Watie na aliolea bila kuzaa. Kisha kabla ya kuchapa msomee kila nyumba sehemu yake kwa simu, kwa sauti, jina kwa jina, na wakubali.

Uchapaji ni rahisi. Karatasi ya A4 ikikunjwa mara moja ni kurasa nne, kwa hiyo hesabu yako lazima igawike kwa nne, 12, 16, 20, la sivyo utabaki na kurasa tupu usizozitaka. Yetu ilikuwa 20. Herufi ziwe kubwa, 14 hivi, wasomaji wako nusu yao hawana miwani (nahodha wetu anayo). Chapa kwanza kopi moja tu, mpe mtu asiyejua chochote aisome kwa sauti huku wewe umeshika kalamu. Mimi niliwaamini watu wa printi nikachapa 60 mara moja, ukurasa wa tano na wa nane vimebadilishana nafasi, mpaka leo watu wanadhani nyanya alistaafu kabla ya kuolewa.

Siku ya hitima usikigawe wakati wa kisomo, watu wako kwenye juzuu zao. Gawa wakati wa chakula au wakitoka. Na wanafunzi wa mbali watumie kwa simu kama faili, lakini zile zenye sauti za watu usizitume bila kuwauliza wenyewe tena, kukubali kurekodiwa si kukubali kusambazwa. Kopi moja peleka shuleni, moja mpe mtu wa familia anayeishi mbali na bahari, nasema kweli, chumvi inakula kila kitu hapa.

Na kurasa nne za mwisho ziache nyeupe kwa makusudi, juu yake andika tu "Na wewe?" na ufunge kalamu kwa uzi kwenye kopi inayobaki nyumbani. Yetu iko dakani kwa shangazi. Watu wanapita, wanakaa, wanaandika. Zimejaa tatu, kuna mtu kaandika kwa herufi za Kiarabu ukurasa mzima na bado tunatafuta wa kutusomea vizuri, na ya nne mtoto wa binamu kachora punda.